Bingwa wa Mazingira Asiyeinuka Kitini

Desmond Trembath, ambaye mji mzima wa Port Carlyon unamwita Des, alikuwa mvivu. Sisemi hivyo kwa ubaya. Nimekaa nyumba inayotazamana na yake tangu nilipoolewa mtaa huu wa Penrose, na yeye mwenyewe hakuwahi kulikana jambo hilo. Wapo wanaume wanaouficha uvivu nyuma ya mgongo unaouma au presha. Mgongo wa Des ulikuwa mzima kama nguzo ya umeme. Alifanya kazi kwenye maghala ya ngano bandarini mpaka akastaafu, na wenzake wanasema kazi yake ilikuwa kuutazama mkanda unaopeleka ngano melini, tena aliutazama akiwa amekaa.

Alipostaafu, kiti kilihamia barazani. Tangu hapo vitu vya nyumba ile vikawa vinakufa kimoja kimoja na kubaki pale pale vilipofia. Mashine ya kukatia nyasi ilizimika katikati ya uwanja, Des akaiacha, nyasi zikaota zikaifunika mpaka ukawa unaona mshikio tu. Gari liliishiwa upepo gurudumu moja. Akasema ataliangalia, na kweli aliliangalia, kila siku, kutoka kitini. Mashine ya kukaushia nguo iliungua, ikageuka meza ya kuwekea viatu. Pipa la taka lilikuwa mbali, mwisho wa njia ya gari, kwa hiyo maganda na mabaki ya jikoni yakawa yanaishia nyuma ya banda. Lundo lile likaoza, likawa udongo mweusi, na maboga yakatambaa juu yake bila mtu kuyapanda. Taa zilizimwa mapema kwa sababu mwenye nyumba alikuwa keshalala.

Mkewe Glenys alikuwa mpishi wa kantini ya shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye mwendo wa haraka. Zamani tulimwonea huruma, lakini hakupenda kuonewa huruma, kwa hiyo tukaacha. Tukabaki kumpungia mkono kila alipopita na kigari chake cha kukokota, akitoka dukani.

Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa Rex Pascoe, jirani wa ukuta kwa ukuta. Rex alikuwa amestaafu ukaguzi wa bima, na nguvu zote zilizobaki alizimalizia kwenye nyasi zake. Zilikuwa fupi na laini kama zulia la msikitini, na pembeni alizikata kwa mkasi, amepiga magoti juu ya mto. Hakuna mtoto aliyewahi kuzikanyaga. Kwa Rex, uwanja wa Des ulikuwa tusi lililoandikwa kwa herufi kubwa. Alilalamika kuhusu nyoka, akalalamika kuhusu moto wa kiangazi, akalalamika kuhusu bei za nyumba. Mwishowe akaenda halmashauri.

Halmashauri ilimtuma afisa mazingira mpya, binti kutoka jiji la Adelaide aitwaye Imogen Sadler, aje kumwamuru Des akate nyasi. Sasa huyu Imogen alikuwa na shida zake. Mwaka mzima alikuwa akiendesha kampeni ya kuwahimiza watu wafanye mambo madogo nyumbani ili kulinda mazingira, waanike nguo juani, waende dukani kwa miguu, wasitupe chakula. Alibandika mabango maktaba, kwenye vyoo vya ufukweni, hata pale kwenye duka la mikate. Hakuna aliyejitokeza. Watu wa hapa si wabaya, ila hawapendi kuambiwa jambo na mtu ambaye bado ana ngozi laini.

Alifungua geti la Des akiwa na karatasi ya amri mkononi. Alipofika katikati ya nyasi akasimama. Kisha akapiga magoti. Mimi nilikuwa nikiosha madirisha, nikadhani ameumwa na kitu. Kumbe ameona kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu, wa aina ambayo hutaga kwenye nyasi za asili za huku kwetu na kwingine kokote hapana, na nyasi hizo zenyewe zilikuwa zimekwisha mji mzima isipokuwa hapo. Zilikuwa zimerudi zenyewe kutoka porini, pamoja na vichaka vya kwenye udongo wa chumvi na maua ya manjano, wakati Des amelala. Mijusi wale wanene wenye mkia butu kama kichwa, ambao sisi twawaita wasinzia, walikuwa wamehamia wawili wawili.

Alipanda barazani akamwuliza Des ameacha kukata nyasi tangu lini.

"Tangu mashine ilipokufa," Des akasema.

"Na hukununua nyingine?"

"Ya nini?"

Imogen aliyaandika maneno hayo. Akauliza habari za gari. Des akasema halijatoka siku nyingi. Akauliza iwapo wanatumia mashine ya kukaushia nguo. Des akasema hapana, kuna kamba nyuma. Mabaki ya chakula je? Yako nyuma ya banda, yameota maboga. Kila jibu lilikuwa kweli tupu, na kwa kila jibu yule binti alizidi kung'aa usoni. Alipoondoka ile amri ilikuwa imekunjwa mfukoni. Alichoomba ni kitu kimoja tu, ukanda ufyekwe kando ya uzio kuzuia moto. Des alikubali mara moja, kwa moyo mweupe. Glenys aliufyeka jioni ile alipotoka kazini.

Kufumba na kufumbua, Des akawa Bingwa wa Mazingira wa wilaya. Gazeti lilitoa picha yake akiwa kitini, nyasi zimemzunguka kama mfalme wa pori. Liliandika kwamba bwana huyu alifanya uamuzi wa kimya kimya, miaka mingi iliyopita, wa kuiaga mashine ya petroli. Ile "Ya nini?" ikawa kauli mbiu ya kampeni. Ilichapwa kwenye mifuko ya nguo, kwenye fulana, kwenye vikombe vya chai, na kwenye bango refu la plastiki lililofungwa juu ya barabara kuu mpaka upepo wa baharini ulipolichana na kulisambaza vipande kwenye mikoko.

Zawadi zikaanza kuingia. Kampuni moja ilimletea mapipa ya mboji yaliyofungwa karatasi za plastiki, ndani ya sanduku lenye povu. Nyingine ikaleta miswaki ya mianzi, kila mmoja kwenye mfuko wake. Mifuko ya nguo ilijaa kabati, ikajaa na kitanda cha wageni. Glenys aliniambia kwamba katika ndoa yao hawajawahi kuwa na takataka nyingi kiasi kile, na kwamba sasa pipa la mwisho wa njia, ambalo Des hajawahi kulifikia, linajaa kila wiki, na anayelisukuma anajulikana.

Jumamosi wageni wakawa wanakuja. Walitoka hata Adelaide, safari ya zaidi ya saa mbili, na magari makubwa yenye uwezo wa kupanda mlima, kuja kujifunza namna ya kupunguza kutumia gari. Waliegesha juu ya maua. Des aliwaambia yale yale: hakufanya kitu. Wakaitikia kwa vichwa, wengine wakafumba macho ili waingie vizuri ndani ya maneno yale. Bwana mmoja alisema amesoma vitabu vingi kuhusu jambo hili na hakuna kilicholiweka wazi hivyo.

Jumamosi moja mama mmoja alikuwa akirudi nyuma na gari lake ili apate kivuli. Nyuma ya gurudumu palikuwa na msinzia mmoja, amejinyoosha juani. Des akainuka. Akakimbia. Nilikuwa sijawahi kumwona akikimbia, na ulikuwa mkimbio wa ajabu, magoti yakienda kila upande, lakini alifika, akapiga kiganja kwenye mlango wa gari, akainama akambeba yule mjusi kama mtoto mchanga. Alimpeleka chini ya kichaka, akasubiri mpaka mwenzake atokee. Halafu akarudi kitini akihema. Wale wageni hawakupiga picha hata moja, maana walikuwa wanapiga picha kiti. Nilipomwuliza baadaye, akasema yule mjusi ni mtu wa kukaa, na yeye humheshimu mtu wa kukaa.

Kisha ikaja barua ya mwaliko kutoka Cairns, kule kaskazini kabisa, ndege mbili na hoteli ya ufukweni. Walitaka akahutubie mkutano kuhusu raha ya kubaki nyumbani. Des aliisoma akasema ni mbali mno. Imogen akalitangaza jambo hilo kuwa ni msimamo dhidi ya kusafiri kwa ndege, na umaarufu ukapanda mara mbili. Rex Pascoe aliacha kutoka nje mchana.

Ndipo wakaja watu wa filamu.

Walitaka kuonyesha siku moja ya Bingwa, kutoka chai ya asubuhi mpaka kulala. Imogen aliwapangia: Bingwa ananywa chai, Bingwa anatazama vipepeo, Bingwa anaanika nguo. Hapo kwenye kuanika pakawa na kigugumizi. Des alisimama chini ya kamba na beseni mikononi, akitabasamu, hajui kibanio kinafunguka upande gani. Glenys, aliyekuwa na haraka ya kwenda kantini, akachukua shuka akaitandaza juu ya kamba kwa mkupuo mmoja kama alivyozoea. Mpiga picha akamwomba, kwa upole wote, asogee kidogo, kivuli chake kinamwangukia Bingwa.

Glenys akasogea. Akaweka vibanio chini. Akaingia ndani akajaza begi dogo, akatoka kwa mlango wa mbele, akapita kwangu kunipa ufunguo. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Nimeambiwa nisogee," akasema. "Nasogea mpaka Kadina kwa dada yangu."

Nikamwuliza nimwambie nini Des.

"Akiuliza, mwambie nimepunguza matumizi. Yangu."

Akapanda basi la mchana, na kwa karibu wiki mbili alikuwa akienda kazini akitokea kwa dadake.

Siku ya kwanza Des hakugundua. Siku ya pili aligundua kwamba chai haiji. Alimaliza makopo yaliyokuwa kabatini, akala na boga moja bila kulipika vizuri. Akaweka nguo kwenye mashine ya kufulia, akaiwasha, na kwa kuwa hapakutokea mtu wa kuzitoa, zikabaki humo mpaka zikanuka kama bwawa. Duka lipo mwendo mfupi tu kupita kanisa la Kimethodisti. Des alifika kanisani, akapumzika, akarudi. Baada ya hapo akaigundua simu. Kuna kijana anayeleta chakula kwa gari mpaka mlangoni, samaki na chipsi, wali wa Kichina, kuku wa kukaanga, na vyote huja katika masanduku ya plastiki, ndani ya mifuko ya plastiki, na vijiko vya plastiki hata kama umewaambia unavyo vijiko. Des aliyarundika masanduku jikoni. Pipa lilikuwa bado mbali.

Sikumwendea. Nilikuwa nimepewa ufunguo, sikupewa kazi.

Jumamosi ikafika na wageni wakafika. Imogen aliliongoza kundi zima, akawaonyesha nyasi, akawaonyesha kamba ya nguo, ambayo haikuwa na kitu. Akasema sasa tuone jiko la mtu asiyetupa chochote. Akafungua mlango wa nyuma.

Katika jambo moja alikuwa sahihi. Hakuna kitu kilichokuwa kimetupwa. Masanduku yalikuwa yamefika dirishani, sosi nyekundu ikitiririka juu ya meza, na harufu ya zile nguo ikatoka nje kuwalaki wageni. Kichwa cha Rex Pascoe kilitokeza juu ya uzio kama mwezi mpevu. Nadhani alitaka kuionja ile furaha taratibu.

Imogen akamwuliza Des kuna nini.

"Glenys hayupo," Des akasema. Kisha, kwa kuwa watu wote walikuwa wakimtazama, akasema mengine, na hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizomsikia akitoa: "Nimewaambia kila wiki kwamba mimi sifanyi kitu. Nguo huanika yeye. Dukani huenda yeye. Mimi ni mvivu tu, jamani. Nimekaa hapa, yeye ndiye anazunguka."

Halafu mama mmoja aliyevaa fulana ya "Ya nini?" akaweka mkono kifuani, akasema kwamba huo ndio unyenyekevu wenyewe. Wakampigia makofi. Bwana mmoja alisema yale masanduku bila shaka ni maonyesho, ya kutushtua tuuone uchafu wetu, na akaomba aruhusiwe kuyapiga picha kabla hayajaguswa. Wakaondoka wameridhika sana.

Imogen hakuondoka nao. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, kofia magotini, na mimi nikavuka barabara na birika la chai kwa sababu alionekana anaihitaji. Alisema ameandika ripoti nzima. Alisema ametumia neno "hekima" mara nyingi mno. Akaniuliza kama mimi nilikuwa najua. Nikamwambia mtaa mzima ulikuwa unajua, ila yeye alikuja kumwuliza mwenye kiti. Alicheka kidogo, halafu akalia kidogo, halafu akaingia ndani akaanza kubeba masanduku. Des alimtazama akipita mara ya kwanza. Mara ya pili akainuka, akachukua mengine, akamfuata mpaka kwenye pipa. Alirudi akishangaa kwamba si mbali.

Baada ya hapo alimpigia Glenys simu. Niliyasikia ya upande huu tu, na ya upande wa pili nikaja kusimuliwa na Glenys. Des alisema anaomba arudi. Glenys akauliza nguo ziko wapi. Des akasema zimo kwenye mashine. Glenys akasema basi hakuna haraka. Keshoye Des akapiga tena, akasema ameshazianika. Glenys akamwuliza kama alizifua upya kwanza, maana zilikuwa zimeoza. Hakuwa amezifua. Des akakata simu, akaenda kuziteremsha zote, akazifua, akazianika upya, mashati ameyabana kwenye kola mpaka yakasimama na masikio mawili. Mimi nilikuwa dirishani na nilijizuia kwenda kumsaidia, na si jambo jepesi kumtazama mwanamume mzima akipigana na shuka siku ya upepo.

Alipopiga mara ya tatu alimwambia Glenys, "Zimekauka. Sijui kuzikunja."

"Usizikunje," Glenys akasema. "Utaziharibu. Nakuja na basi la jioni."

Des alimpokea kituoni. Inasemekana alifika mapema na kulala kwenye benchi, lakini alifika.

Imogen, ambaye ana moyo wa haki, alitaka kurekebisha mambo. Alikuja na ua na kikombe cha kioo, akasema mwaka huu Bingwa awe Glenys. Glenys alimshukuru sana. Akamwuliza kikombe hicho atakipangusa vumbi nani, na hao wageni wa Jumamosi watakanyaga maua ya nani, na je, Bingwa anaruhusiwa kuchelewa kantini ambako watoto wanasubiri kula. Akasema yeye anaanika nguo kwa sababu zimelowa. Imogen akakirudisha kikombe kwenye gari.

Kikamwendea Rex Pascoe. Ndiyo, Rex. Ilikuwa imemchoma mno kuona mtu anasifiwa kwa uwanja na si yeye. Majira ya kuchipua yalipoanza aling'oa zulia lake lote, akapanda nyasi za asili kwa mistari iliyonyooka, akachimba bwawa la vyura, akasimamisha nyumba ya nyuki yenye paa la vigae. Nyasi zikipita kimo anachokitaka huzipunguza kwa mkasi ule ule, amepiga magoti juu ya mto ule ule. Hulalamika halmashauri kwamba vipepeo wanapendelea kwa Des. Wageni wanampenda, kwani anaeleza kila kitu na ana pa kuegesha.

Gari la Des bado limekaa. Siku hizi Glenys akienda dukani huenda naye, yeye ndiye anakokota kigari, na hukaa kwenye kila benchi iliyopo njiani, na pale kanisani, na kwenye ukuta wa ofisi ya posta. Glenys husimama mbele yake akisubiri, mikono kiunoni, akizungumza na kila anayepita. Mara mbili wamefika duka la mikate limekwisha kufungwa. Nilimwuliza Glenys kama si afadhali aende peke yake arudi mapema. Akasema mapema alikwenda miaka yote. Kisha akamwita Des ainuke, naye Des akaomba dakika moja zaidi.